Makombo ya Baba

Mimi si mtu wa kualikwa harusini. Wanangu wanalijua hilo, na siku hizi huniweka meza ya pembeni pamoja na wazee wasiosikia vizuri. Nikimwona kijana amejaza sahani pilau, kuku, matoke na chapati juu yake, akadokoa kidogo, akafuta mdomo na kuiacha sahani kama si yake, mkono wangu huanza kunicheza. Nimewahi kusimama nikamwamuru mtoto wa watu amalize mbele ya wakwe zake. Wanangu waliona aibu. Mimi sikuona aibu hata chembe, na nikialikwa tena nitasimama tena.

Wanadhani ni ubahili. Mkwe wangu mmoja alisema, akijua nasikia, kwamba mama huyu amezaliwa wakati wa njaa. Amekosea. Nilizaliwa wakati wa shibe, njaa ikanikuta nina akili zangu timamu, na ninachokikumbuka zaidi kuhusu njaa ile si chakula tulichokikosa. Ni chakula kilichotupwa. Kilitupwa kila asubuhi, sisi tukitazama, na aliyekitupa alikuwa na njaa kuliko sisi sote. Alikuwa mama yangu mzazi.

Tulikaa kwata, yaani nyumba za askari, upande wa Mbuya, Kampala. Zilikuwa safu za vyumba vya matofali vilivyoshikana chini ya bati moja, kila familia chumba chake na kibaraza cha kupikia. Baba alikuwa dereva wa lori la maji la jeshi. Alikuwa mtu wa kaskazini, na mama pia, lakini safu ile ilikuwa na watu wa kila upande, wa msikiti na wa kanisa, na uani wote tulisema Kiswahili cha kwata ambacho kila mmoja alikivunja alivyotaka. Ukishafunga mlango unarudi kwenye lugha ya kwenu. Tulikuwa watoto watatu, wote wasichana: mimi mkubwa, wa pili aliyenifuata, na kitinda mimba ambaye ndio kwanza alikuwa anaanza kusema maneno yanayoeleweka.

Kwetu mwanamume mwenye mji ana bakuli lake. La baba lilikuwa la bati jeupe, lina ukingo wa buluu na mfuniko. Mama akipakua, anaanza na bakuli hilo, analifunika, analiweka juu ya kigoda karibu na ukuta, ndipo anatugawia sisi. Baba akija, ananawa, anakaa chini, anakunja miguu, anafunua, anakula. Hakuwahi kumaliza. Chini ya ugali aliacha samaki kidogo au ule mchuzi mzito wa karanga na simsim, kisha akatuita, "Njooni mmalize." Hayo ndiyo yalikuwa makombo ya baba. Sisi tulikuwa tumeshakula chetu na kushiba, lakini tulilivamia bakuli lile kama watu waliotoka jangwani. Nimekula vitu vingi tangu hapo, na sijakutana na kitamu kama yale makombo.

Mmoja wetu akisogea kabla ya kuitwa, mama alisema kwa lugha yetu, "Baba yenu hajashiba." Hakupaza sauti. Mkono ulirudi wenyewe.

Hiyo ilikuwa sheria ya watu wetu, na haikuwa ya mchezo. Bakuli la mtu aliye hai halitanguliwi na mwingine. Ukilitangulia, wewe umeshamzika mwenyewe kwa kinywa chako. Linafunguliwa na mtu mwingine mara moja tu, naye mwenyewe akiwa ameshakufa. Niliiona siku hiyo kwa macho yangu babu alipofariki kijijini. Bibi alipika kama kawaida, akapakua kwenye bakuli la babu, akalifunika, watu wote wakanyamaza. Kaka mkubwa wa baba alikuwa amechelewa njiani, akakuta kaburi limeshafukiwa. Kwa umri yeye ndiye aliyestahili, akanyoosha mkono afunue. Bibi akamzuia.

"Wewe hukumwona," alimwambia.

Anayelifungua bakuli la marehemu lazima awe amemwona marehemu kwa macho yake. Kula kwake ndio ushahidi wake. Basi baba, ambaye ndiye aliyeuosha mwili, alinawa mikono, akakaa chini, akakunja miguu, akala matonge machache kimya kimya, kisha akalisukuma bakuli mpaka kwetu wajukuu. "Kuleni," akasema, "mwenyewe ameshiba." Hapo ndipo wanawake walipoangua kilio. Kabla ya hapo hakuna aliyelia kwa sauti, maana kabla ya hapo ilikuwa bado haijathibitishwa.

Nasimulia haya mapema ili nisikatizwe mbele.

Katika siku za shibe hatukutupa kitu. Nasema hatukutupa, na simaanishi tulikuwa watu wa kujibana. Kila kitu kilikuwa na mdomo wake. Maganda ya matoke ya majirani yalikwenda kwa mbuzi, ukoko wa posho, ule ugali wa mahindi, ulilowekwa ukapewa kuku, na majivu yakasugulia masufuria. Shimo la taka mwisho wa safu lilikuwa na vumbi, vigae na manyoya ya kuku, na lori la taka lilipita kulisafisha. Watoto tulicheza pembeni yake bila kukanywa.

Watu hawaniamini nikisema kwamba jalala lile lilikua wakati wa njaa. Wanadhani njaa inasafisha. Wahindi walikuwa wameshafukuzwa, maduka yakagawiwa watu ambao waliuza kilichokuwamo na hawakujua kingine kinatoka wapi. Sukari ikapotea, chumvi ikapotea, sabuni ikawa kitu cha kusimuliwa. Vilivyobaki vilikuwa vya magendo, na magendo yalikuwa na wenyewe. Watu wakawachinja mbuzi kabla hawajaibwa. Kuku wakafuata. Maganda yakakosa mdomo wa kuyala, yakaanza kutupwa. Lori la taka nalo liliharibika, vipuri hakuna, likapandishwa juu ya mawe na magurudumu yake yakaondoka yenyewe kama yana miguu. Shimo likajaa, likawa kichuguu, likawa kilima. Mvua ikinyesha, maji meusi yalitoka pale yakafuata mtaro mpaka bondeni, kwenye chemchemi tulikoteka maji, maana mabomba nayo yalikuwa yanatoa hewa.

Ndipo wakaja kaloli, wale ndege wakubwa wenye kipara na mfuko unaoning'inia shingoni. Leo wamejaa Kampala nzima, watoto wanadhani wamekuwapo siku zote. Mimi nakumbuka walipokuja kwetu. Walisimama juu ya jalala kama wazee wa baraza wanaosubiri kuletewa pombe, na hawakuogopa mtu. Mama alipowaona mara ya kwanza alisema hawa wamekuja kukaa.

Halafu baba akatoka asubuhi na lori lake la maji, na jioni hakurudi.

Mama alikwenda kuuliza getini. Askari wa pale alimwambia, "Bwana yako iko safari. Rudi nyumbani, funga mdomo." Huenda alimhurumia. Kulikuwa na mwanamke wa safu ya tatu aliyekataa kufunga mdomo. Aliuliza leo, akauliza kesho, gari likaja likamchukua akiwa na unga mikononi. Watoto wake walichukuliwa na ndugu, na chumba akapewa mwingine. Kwa hiyo mama alirudi, akafunga mdomo, na kila aliyemuuliza alijibiwa kwamba mzee yuko safari ya kazi. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini kama kulia ndiko kutakakokuua, utafanya nini? Unaficha.

Jioni ile alipika, akapakua bakuli la baba kwanza, akalifunika, akaliweka kigodani.

Tulikula chetu, tukalala. Asubuhi bakuli lilikuwa palepale. Mama alilifunua, akautazama ule ugali uliokauka ukapasuka juu, akalificha chini ya kitenge chake, akaenda nalo jalalani. Nilimfuata kwa mbali. Alilimwaga. Kaloli wakasogea. Alirudi akaliosha kwa maji ya chemchemi, na jioni akalijaza tena.

Siku za mwanzo hatukuelewa kinachoendelea. Baba aliwahi kuchelewa safarini, na hata wakati ule chakula chake kilimngojea, lakini alikuwa akirudi. Sasa hakurudi, na bakuli likaendelea. Hatukuweza kulila sisi, maana baba hajala. Hakuweza kulila mama. Hakuweza kumpa mtu, maana yeyote atakayelila atakuwa amesema baba amekufa, naye hakumwona. Aliyemwona, kama yupo, hatukumjua. Watu wale waliokuwa wanawachukua wenzao walikuwa hawarudishi maiti. Waliwanyima watu hata mahali pa kulilia. Basi kikabaki kinywa kimoja tu ambacho kula kwake hakuna maana yoyote, nacho ni cha kaloli.

Mdogo wangu aliyenifuata ndiye aliyeuliza. "Mama, kwa nini usipakue kidogo?"

Mama alimtazama kama aliyetukanwa. "Baba yako ni mtu wa kidogo?"

Hakupunguza. Chetu ndicho kilichopungua. Mwanzoni tulikula ugali na mboga, baadaye ugali na chumvi, baadaye uji, na uji ukawa mwepesi mpaka unaona chini ya kikombe. Chake mama mwenyewe sikukiona tena. Alisema anakula akishamaliza kazi, na kazi haikuisha. Lakini bakuli la baba lilijaa. Lilikuwa na ugali wa haki na mukene, wale samaki wadogo wakavu, na karanga akizipata. Nadhani aliogopa kwamba akipunguza tonge moja, huko aliko baba atapungukiwa pumzi. Hakusema hivyo. Ni mimi ninayesema, kwa kuwa nilikuwa nalala karibu naye na nilimsikia akizungumza na lile bakuli.

Fedha za mshahara wa baba zilimngoja baba, hakuna mwingine wa kuzichukua. Kwa hiyo vitu vikaanza kutoka nyumbani. Redio ilikwenda soko la Owino ikarudi ikiwa unga. Blanketi zito likarudi likiwa mkaa na karanga. Baiskeli ya baba, ambayo mama aliifuta kila Jumamosi kama mtoto anayeogeshwa, iliondoka na mtu mmoja Mkongo aliyekuwa anauza na kununua chochote kinachobebeka, ikawa samaki. Viatu vyangu vya shule vikawa chumvi, na chumvi yenyewe iliuzwa kwa kijiko. Nguo ya mama ya kanisani ilikwenda mwisho. Vyote hivyo viliingia kwenye bakuli lenye ukingo wa buluu, vikalala humo usiku mmoja mmoja, asubuhi vikamwagwa. Jalala lile lilikula redio yetu. Lilikula baiskeli. Nilikuwa nikiwatazama kaloli wakipiga midomo yao na kuwaza ni nani kati yao amemeza viatu vyangu.

Nilimchukia mama wakati mwingine. Sioni haja ya kuficha. Mtoto mwenye njaa anachukia kilicho karibu.

Tulikuwa na jirani wa ukuta mmoja, Muganda aliyeolewa na askari wa mbali, mwanamke hodari wa maneno na mwenye watoto wengi. Zamani yeye na mama walipeana moto na chumvi juu ya ukuta wa kibaraza. Mume wake alipelekwa mpakani na mshahara ukawa unakuja ukipenda. Yeye naye alikuwa anawachemshia watoto wake maji ili waone moshi na kuamini kuna kinachopikwa. Mtu kama huyo anasikia harufu ya mukene kutoka safu ya pili. Asubuhi moja alimvizia mama jalalani, na mimi nilikuwa nyuma yao na debe la maji kichwani.

"Nnyabo," alimwita kwa heshima ya kwao, "wewe natupa chakura?"

Mama alifunika bakuli lililokwisha kumwagwa, kana kwamba bado kuna kitu.

"Mimi nasema na wewe. Watoto yangu narara njaa, wewe naretea ndege posho na samaki. Kama wewe nashiba, unipe mimi. Mimi hapana na haya, mimi naomba."

"Hii chakula hapana ya kupa mtu," mama alisema.

"Ni ya nani?"

"Hapana ya mtu."

Yule jirani alimtazama juu mpaka chini. Angelijua, angelia naye. Lakini mama asingeweza kumweleza bila kumwambia kwamba mume wake si wa safarini, na maneno ya kwata hayana mlango. Hivyo jirani alichoona ni mwanamke mwenye majivuno, ambaye kwake ni heri ndege wale chakula kuliko watoto wa mwenzake. Mimi ningeona hivyohivyo. Alitema mate chini.

"Sawa. Na hii jarara yako itakuja kutumariza sisi wote," akasema, akaenda zake.

Hilo hakukosea. Mvua za masika zilishuka, mtaro ukafurika, na kabla ya mwezi kuandama watoto wa safu yetu walianza kuhara. Mtoto wa jirani alianza, kisha kitinda mimba wetu. Alikuwa akilia bila machozi. Ngozi ya tumbo lake ukiifinya inabaki imesimama. Mama aliambiwa ampe maji ya chumvi na sukari. Chumvi alikuwa nayo kidogo, sukari hakuna. Alizunguka safu zote akiomba kijiko. Alifika hata kwa yule jirani, akasimama mlangoni bila kuingia. Jirani alikuwa amempakata wake.

"Ungeuriza ndege," alimwambia.

Sukari alipata kwa kutoa pete yake. Mtoto akainuka polepole, macho makubwa, shingo nyembamba. Na jioni ileile aliyotoa pete, mama alipika na kulijaza bakuli, nami nikasimama mbele yake nikamwambia asilimwage tena kule, kwamba ndiko ugonjwa unakotoka, achimbe shimo lake peke yake afukie.

"Nifukie chakula cha baba yako?" alisema. "Nikifukie ardhini?"

Nikaelewa nilichokuwa nimesema.

Sasa nifike pale ambapo nimekuwa nikipazunguka.

Yule jirani alikwenda kusema kwa wakubwa. Hakutunga uongo. Alisema kuna nyumba ambayo mume yuko safari, watoto wamekonda kwa kujifanya, na kila asubuhi chakula kinatupwa. Wakati ule mtu anayetupa chakula alikuwa na maana moja tu: ana gunia limefichwa mahali. Ni magendo. Kwa watu waliokuwa wakitafuta magunia, jalala letu lilikuwa limetushtaki waziwazi. Nilimchukia mwanamke yule miaka mingi. Hata sasa, nikijua yote, simpendi sana.

Walikuja jua likiwa bado juu ya paa za magharibi, askari watatu. Mama alikuwa ndio amemaliza kupakua. Bakuli la baba lilikuwa kigodani, limefunikwa, na sisi tulikuwa na vikombe vyetu vya uji.

"Sukari iko wapi?" mkubwa wao aliuliza, akiwa bado mlangoni.

"Sisi hapana na sukari, afande."

"Nyinyi natupa chakula. Watu yote nasema. Chakula natoka wapi?"

Hawakungoja jibu. Waligeuza godoro, wakachana mto, wakapiga sakafu kwa vitako vya bunduki wakitafuta panapolia mvungu. Walimwaga unga wetu wa siku zilizobaki sakafuni ili waone kama kuna kitu chini yake. Kitinda mimba alijificha nyuma ya mguu wangu. Mama alisimama amekikinga kigoda kwa mwili wake, na hilo lilikuwa kosa, maana wakaona anaficha kitu.

"Toka," mkubwa alisema, akamsukuma. Akaona bakuli. "Hii ya nani?"

"Ya baba yao."

"Baba yao iko wapi?"

"Safari."

Mmoja wao, mrefu, mwembamba, alikuwa hajasema kitu muda wote. Alikuwa akipekua sanduku la nguo za baba kwa mikono isiyo na haraka. Aliposikia neno hilo aliinua kichwa.

"Mama," alisema, na kwa jinsi alivyotamka neno hilo tu nilijua ni mtu wa kwetu. Anaweza kuvaa magwanda ya mtu yeyote, ulimi haubadiliki. "Bwana yako nafanya kazi gani?"

"Dereva. Lori ya maji."

Yule mtu aliitazama sare ya baba iliyokunjwa mikononi mwake. Aliirudisha sandukuni, akalifunga sanduku. Kisha akauegemeza mtutu wa bunduki yake ukutani na kusema anataka maji ya kunawa.

Wenzake walicheka. "Huyu naona chakula, nasahau kazi," mmoja alisema. Mama hakucheka. Alichukua kata, akainama, akammiminia maji mikononi, na nikaona maji yanamwagika pembeni. Askari aliyekuja kupekua hanawi. Akitaka chako anakichota kwa vidole vyake vichafu, anaondoka anatafuna.

Huyu alinawa mpaka kwenye viwiko. Kulikuwa na kiti, hakukikalia. Alikaa chini sakafuni, juu ya unga wetu uliomwagwa, akakunja miguu. Alilishusha bakuli kutoka kigodani akaliweka mbele yake na kulifunua.

"Hapana," mama alisema kwa lugha yetu. Alisema kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto asiende kwenye moto. "Hapana, mwanangu. Hapana."

Yule mtu alimtazama usoni. Hakuweza kusema, wenzake walikuwa wamesimama juu yake, na neno moja tu la lugha ile, lugha ya watu waliokuwa wakichukuliwa wakati ule, lingemponza yeye na kutuponza sisi. Alimtazama kwa muda ambao mimi bado niko ndani yake. Kisha akamega tonge, akachovya, akala. Akamega tena. Alikula taratibu, macho yakiwa chini. Mwenzake mmoja aliinama akanyoosha mkono ili naye adokoe. Yeye akampiga kofi mkononi.

"Hii hapana yako!"

"Mroho wewe," mwenzake alisema, akacheka tena.

Aliacha samaki. Aliacha karibu mchuzi wote. Akalisukuma bakuli sakafuni kwa mikono miwili, pole pole, mpaka likagusa vidole vya miguu yangu, mimi mkubwa.

"Kuleni," alisema.

Akainuka, akajipangusa unga, akachukua bunduki yake. Alimwambia mkubwa wake kwamba hapa hakuna magendo, hapa kuna njaa tu, twende. Walitoka. Hatukumwona tena, wala sikuwahi kujua jina lake, na nimemwombea kuliko ninavyowaombea ndugu zangu.

Mama alikuwa amekaa chini kwa mgongo ukutani. Kwata si mahali pa kumlilia mtu ambaye hujaambiwa amekufa. Jirani yuko ng'ambo ya tofali moja, na kulia ni kuuliza. Alikuwa ameingiza upindo wa kitenge mdomoni, wote, na mabega yake yalikuwa yanaruka bila sauti. Mdogo wangu aliyenifuata alikuwa ameshaelewa. Naye alikuwepo kwenye msiba wa babu. Alinishika mkono akaniumiza.

Bakuli lilikuwa miguuni kwangu na mvuke ulikuwa bado unatoka. Nilimtazama mama. Alitoa kile kitenge mdomoni.

"Kuleni," alisema. "Msiache kitu."

Tukakaa tukalizunguka. Nitasema kweli: chakula kilikuwa kitamu. Machozi yalikuwa yananiingia mdomoni na mkono wangu hausimami. Tulikuwa na njaa ya muda mrefu mno, na mwili hauna msiba. Nilimchukia yule mtu, nilimpenda, na nilikula.

Kitinda mimba hakuwa amezaliwa babu alipokufa. Yeye alichojua ni kwamba bakuli lile halikuwa likiguswa, na kwamba leo tumepewa. Alijaza mdomo, mchuzi ukamtiririka kidevuni, akamgeukia mama kuuliza kwa lafudhi yake ya kitoto ile sentensi aliyokuwa akiisikia kila jioni.

"Mama, baba ameshiba?"

Mama alimfuta kidevu kwa kiganja.

"Ameshiba," alisema.

Tulilikomba bakuli mpaka bati likaonekana. Asubuhi kaloli walisimama pale juu ya jalala wakitazama upande wa mlango wetu, na mama hakutoka.